Steinmetz: Mhamiaji aliyeipigia hesabu hasara ya transfoma

PITA usiku wa manane karibu na nguzo yenye transfoma, usimame kidogo usikilize. Mashine ya kusaga imefungwa tangu jioni, maduka yamefungwa, na nyumba nyingi zimezima taa. Pamoja na hayo, transfoma inaendelea kunguruma. Ukiweza kupima joto lake (usijaribu, ni hatari), utakuta ina joto kuliko hewa inayoizunguka. Umeme unaliwa pale, na hakuna anayeutumia.

Hasara hiyo hutokea ndani ya kiini cha chuma cha transfoma, usiku na mchana, masika na kiangazi, ilimradi waya wa umeme mkubwa umeunganishwa. Ni kama kodi ya fremu ya duka: wateja waje wasije, mwenye nyumba anadai chake mwisho wa mwezi.

Kuna wakati ambapo mafundi waliijua hasara hii lakini hawakuweza kuikadiria kabla ya kutengeneza mashine. Walijenga, wakawasha, ndipo wakaona imewala kiasi gani. Aliyewapa njia ya kuipigia hesabu mapema ni Charles Proteus Steinmetz, mtu mfupi wa futi nne hivi, mwenye kibiongo, ambaye nusura arudishwe alikotoka siku aliyofika Marekani.

Utoto wa Breslau

Alizaliwa Aprili 9, 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa katika dola ya Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Wrocław. Jina alilopewa na wazazi ni Karl August Rudolf Steinmetz. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mchanga, na malezi yakabaki mikononi mwa bibi.

Kibiongo na ubovu wa nyonga alivirithi. Baba yake alikuwa na ulemavu kama huo, na babu yake vilevile. Kutembea kwake kulikuwa kwa shida, lakini darasani alikuwa moto wa kuotea mbali, hasa katika hisabati. Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha Breslau, na huko wanafunzi wenzake wakampa jina la utani, Proteus, lililotokana na mzee wa baharini katika hadithi za Wagiriki aliyejua mambo mengi na kubadilika umbo apendavyo.

Huko huko chuoni alijiunga na kikundi cha wanafunzi wenye siasa ya ujamaa. Wakati huo serikali ya Bismarck ilikuwa imeupiga marufuku ujamaa, na polisi waliwafuatilia wafuasi wake mmoja mmoja. Steinmetz alishika kazi ya kuhariri gazeti la wajamaa. Mwaka 1888, akiwa amekaribia kabisa kupata shahada ya udaktari, alipata habari kwamba atakamatwa. Alikimbilia Zürich, Uswisi, akiacha shahada, baba na mji wake.

Nusura arudishwe bandarini

Zürich alisoma uhandisi kwa muda mfupi. Mwaka 1889 alipanda meli kwenda Marekani pamoja na rafiki yake, Oscar Asmussen. Walisafiri daraja la chini, na Steinmetz hakuwa na fedha za maana.

New York maofisa wa uhamiaji walimtazama wakaona mtu mfupi, mlemavu, asiyejua Kiingereza na mfuko wake mtupu. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo alihesabiwa kuwa atakuwa mzigo kwa taifa, na alirudishwa. Asmussen ndiye aliyemwokoa. Alijitokeza na kuwahakikishia maofisa kwamba atamtunza mwenzake, naye alikuwa na fedha za kuonyesha. Steinmetz akaruhusiwa kupita.

Alipoomba uraia alibadilisha jina la Karl kuwa Charles, na mahali pa majina yake mengine ya kuzaliwa akaweka lile la utani la chuoni, Proteus. Jina ambalo wanafunzi walimpa kwa mzaha ndilo lililoandikwa baadaye kwenye vitabu vya umeme duniani kote.

Kazi aliipata Yonkers, karibu na jiji la New York, katika kiwanda cha Rudolf Eickemeyer. Mzee huyu naye alikuwa Mjerumani aliyekimbia nchi yake baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Utajiri wake ulianzia kwenye mashine za kutengenezea kofia, kisha akaingia kwenye mota za umeme. Steinmetz alianza kama mchoraji wa michoro ya mashine kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki. Baada ya muda Eickemeyer aliona kijana anajua zaidi ya kuchora, akampa nafasi ya kufanya majaribio.

Hasara iko wapi?

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewe tatizo alilokutana nalo.

Transfoma ni kiini cha chuma kilichozungushiwa koili mbili za waya. Umeme ukipita kwenye koili ya kwanza unakifanya chuma kuwa sumaku. Usumaku huo nao unazalisha umeme kwenye koili ya pili, mkubwa au mdogo kulingana na idadi ya mizunguko ya waya. Ndivyo umeme wa maelfu ya volti unavyoshushwa hadi kiwango cha kuwashia taa na kuzungusha mota.

Kazi hiyo hufanyika kwa umeme unaogeuka mwelekeo tu. Kwa umeme wa hezi 50 tunaoutumia Afrika Mashariki, usumaku wa kiini hugeuzwa mara 100 katika kila sekunde moja. Na hapo ndipo hasara inapozaliwa, kwa njia mbili.

Ya kwanza inaitwa histeresisi. Chuma ni kibishi. Ukikigeuza usumaku wake hakifuati mara moja, hubaki nyuma kidogo, na nguvu ya kukilazimisha hugeuka joto. Chukua kipande cha waya wa fensi, ukikunje na kukikunjua harakaharaka mahali pamoja, kisha ukiguse. Kitakuwa na joto. Chuma cha transfoma kinafanyiwa jambo linalofanana na hilo, ila kwa usumaku badala ya mikono. Jina la histeresisi lilitolewa na James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Ya pili ni mikondo ya kuzunguka. Chuma chenyewe kinapitisha umeme. Usumaku unapogeuka huamsha mikondo midogo ndani ya chuma, inayozunguka kama maji kwenye kona ya mto, haifanyi kazi yoyote zaidi ya kupasha joto. Dawa yake ni kukata kiini kuwa mabati membamba, kila bati likitenganishwa na jingine kwa utando usiopitisha umeme. Ukipunguza unene wa bati kwa nusu, hasara hii inashuka hadi robo. Ndiyo maana ukifungua transfoma hukuti gogo la chuma, bali mabati mengi yaliyopangwa kama kurasa za kitabu.

Ipo pia hasara ya tatu, ya kwenye waya wa shaba, lakini hiyo ni ya tabia tofauti. Hufuata mzigo. Umeme unaotumika ukiongezeka mara mbili, hasara ya shaba inapanda mara nne. Ukizima kila kitu, inatoweka. Hiyo ni kama mafuta ya gari: usiposafiri hulipi. Ya chuma ndiyo kodi ya pango.

Hesabu ya mwaka 1892

Transfoma za kibiashara zilikuwa changa wakati ule. Wahandisi wa kiwanda cha Ganz, Budapest, walikuwa wametoa yao mwaka 1885, na William Stanley aliwasha taa za mji wa Great Barrington, Marekani, mwaka 1886. Wenye viwanda walikuwa mbioni kujenga mashine kubwa zaidi, wakati hakuna aliyejua kwa hakika chuma kitakula umeme kiasi gani mashine ikishakamilika. Nyingine zilipata joto kupita kiasi, na fedha za mwekezaji zikaishia hapo.

Steinmetz alikumbana na jambo hilo alipokuwa akisanifu mota ya umeme unaogeuka kwa ajili ya Eickemeyer. Alitaka kujua mapema hasara itakuwa kiasi gani. Alichukua vipimo ambavyo Ewing alikuwa amekwisha kuvichapisha, akaketi navyo, akatafuta kama kuna utaratibu uliojificha kwenye namba zile.

Aliupata. Hasara ya histeresisi katika kila mzunguko ilikua kwa kufuata ukali wa usumaku uliopandishwa kwa kipeo cha 1.6. Kwa lugha ya sokoni, ukiongeza ukali wa usumaku ndani ya chuma mara mbili, hasara haiongezeki mara mbili bali mara tatu hivi.

Hakuishia kwenye vipimo vya mtu mwingine. Katika karakana ya Yonkers alipima aina nyingi za chuma, za kutupwa na za bati, laini na ngumu. Kanuni ilibaki ileile. Kilichobadilika ni namba moja ya kuzidishia, na kila aina ya chuma ilikuwa na yake. Januari 1892, akiwa na umri wa miaka 26 na Kiingereza cha kujifunza ukubwani, alisimama mbele ya taasisi ya wahandisi wa umeme wa Marekani na kuwasomea matokeo yake. Mwaka huohuo akaongeza sehemu ya pili yenye vipimo vingi zaidi.

Msomaji anaweza kuuliza kipeo hicho kilikuwa na faida gani kwa mfanyabiashara. Faida yake ilikuwa hii. Mwenye kiwanda anayetumia chuma kidogo anatengeneza transfoma ya bei nafuu, lakini usumaku unasongamana ndani ya chuma hicho kidogo na hasara inapanda. Anayetumia chuma kingi anauza kwa bei ya juu, lakini mteja wake atalipa kidogo kwa miaka yote ya matumizi. Kabla ya 1892 uamuzi huo ulikuwa kama kamari. Baada ya hapo ukawa hesabu ya karatasi na penseli. Aidha, mnunuzi wa chuma aliweza kupima sampuli na kujua kipi cha hasara ndogo na kipi cha hasara kubwa kabla ya kulipa.

Schenectady

Mwaka 1892 kampuni kubwa mbili za umeme za Marekani ziliungana na kuwa General Electric. Kampuni hiyo mpya ilikinunua kiwanda cha Eickemeyer, na Steinmetz akaenda nacho, kwanza Lynn katika jimbo la Massachusetts, kisha mwaka 1894 akahamia Schenectady, New York. Alikaa huko hadi kufa kwake.

Mwaka 1893 alionyesha wahandisi waliokutana Chicago namna ya kurahisisha hesabu za umeme unaogeuka kwa kutumia aina ya namba ambazo wanahisabati walizijua lakini mafundi hawakuzitumia. Hesabu zilizokuwa zikijaza kurasa zikawa za mistari michache. Wanafunzi wa uhandisi wanafundishwa njia hiyo hadi leo.

Heshima zilimfuata. Aliongoza taasisi ya wahandisi wa umeme mwaka 1901 hadi 1902, Chuo Kikuu cha Harvard kikampa shahada ya heshima mwaka 1902, na tangu mwaka huo akafundisha uhandisi wa umeme katika chuo cha Union palepale Schenectady. Hataza za uvumbuzi wake zilizidi 200. Uzeeni alishughulika na radi, adui wa nyaya na transfoma. Mwaka 1922 alitengeneza radi bandia ndani ya maabara kwa kutumia volti 120,000 ili achunguze jinsi ya kuzikinga mashine.

Hakuoa, kwa kuogopa kumrithisha mtoto ulemavu uliopita kutoka kwa babu hadi kwa baba na kwake. Badala yake alimchukua msaidizi wake wa maabara, Joseph Hayden, kuwa mwanawe kisheria. Hayden na mkewe waliishi nyumbani kwake, wakapata watoto watatu, na Steinmetz akawa babu wa nyumba yenye kelele za watoto. Humo humo alifuga mamba wadogo na kukuza miti ya dungusi. Siku za joto alivuta mtumbwi mpaka katikati ya mto Mohawk, akalaza ubao juu yake, akapiga hesabu huku akivuta sigara zake.

Siasa yake haikubadilika. Wajamaa waliposhika halmashauri ya mji wa Schenectady mwaka 1912, alikubali kuongoza bodi ya elimu, akashughulikia ujenzi wa shule na madarasa maalumu kwa watoto waliohitaji msaada zaidi. Mwaka 1922 aligombea nafasi ya mhandisi mkuu wa jimbo la New York, akashindwa. Alifariki Oktoba 26, 1923 nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa Schenectady.

Chuma kilichofuata

Namba alizozitoa Steinmetz ziliwapa watengeneza chuma shabaha ya kulenga. Mwanzoni mwa karne ya 20, Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, na wenzake walionyesha kwamba chuma kikichanganywa na silikoni kidogo kinapunguza ubishi na kupitisha mikondo ya kuzunguka kwa shida zaidi. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Norman Goss alipata njia ya kusukuma bati ili chembechembe za chuma zielekee upande mmoja, na hasara ikashuka tena. Tangu miaka ya 1980 kuna viini vya utepe mwembamba mno, wa unene wa kama milimita 0.025, vinavyoweza kupunguza hasara ya bila mzigo kwa asilimia 70 hivi ukilinganisha na bati la kawaida la transfoma.

Kipeo cha 1.6 chenyewe kimerekebishwa. Katika bati za kisasa zinazofanya kazi kwa usumaku mkali zaidi, mara nyingi kinakaribia 2 au kupita. Hata hivyo muundo wa kanuni haujabadilika, na wahandisi bado wanauita kwa jina lake. Hata chaja ya simu ina transfoma ndogo ndani yake, na anayeisanifu anatumia kanuni hiyohiyo.

Faida kwa mkulima na mfanyabiashara

Tuchukue mfano wa hesabu. Transfoma inayopoteza wati 200 kwenye chuma inakula uniti 4.8 kwa siku, yaani uniti 1,752 kwa mwaka, hata kama haikusaga debe moja la mahindi. Mita yako ikiwa upande wa umeme mdogo, hasara hiyo anaibeba mwenye shirika la umeme. Lakini wenye shamba kubwa, kiwanda au ghala la baridi wanaomiliki transfoma na kupimiwa upande wa umeme mkubwa, uniti hizo ni zao. Hivyo basi, kabla ya kununua zingatia haya:

Kwanza, uliza karatasi ya vipimo na utafute hasara ya bila mzigo, kwa wati. Zidisha kwa saa 8,760 za mwaka, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa bei ya uniti na kwa miaka unayotarajia kuitumia. Jumlisha na bei ya kununulia. Transfoma ya bei rahisi inaweza kuwa ndiyo ghali.

Pili, usinunue kubwa kupita mahitaji kwa kudhani kubwa ndiyo nzuri. Kiini kikubwa cha ubora uleule kina kodi kubwa zaidi ya kila siku.

Tatu, angalia fundi anayesuka upya koili za transfoma au mashine ya kuchomelea. Akipunguza mizunguko ya waya kutoka 100 hadi 80 ili kuokoa shaba, usumaku unaongezeka kwa robo, na kwa kipeo cha Steinmetz hasara ya histeresisi inapanda kwa takriban asilimia 43. Vilevile asigonge mabati hadi utando wake ukachubuka, wala asiyaunganishe kwa kuyachomelea, maana atakuwa ameifungulia njia mikondo ya kuzunguka.

Nne, mashine ya kuchomelea ya transfoma isiyo na kazi izimwe kwenye swichi. Ikinguruma bila kuchomelea, chuma chake kinaendelea kula uniti zako.

Hesabu hizi hazihitaji mtambo wala maabara, na leo mwenye mashine ya kusaga anaweza kuzifanya nyuma ya daftari la mauzo. Asiyezifanya atalipa kwa mtindo wa zamani, kama wenye viwanda wa kabla ya 1892: atanunua kwanza, na kiasi cha hasara atakijua baadaye kwenye ankara.